UKUTA USIFUNIKWE KABLA BOMBA HALIJAPIMWA
Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi katika Sherehe ya Kutimiza Miaka Kumi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Viongozi wetu wa dini,
Wageni waalikwa kutoka vikundi jirani,
Wanachama wenzetu, mabinti zetu, na akina baba mliokuja kutusindikiza,



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutufikisha siku ya leo. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao wametangulia mbele ya haki. Tunaomba tusimame kidogo kwa kimya tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika sherehe kama hizi Mwenyekiti husimama akasoma hesabu za hisa, mikopo na faida. Hesabu zipo. Mweka Hazina wetu atazisoma baada yetu, na zimechapwa kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki. Sisi tumeomba tuzungumze jambo moja tu, nalo ni bomba la maji machafu linalopita ndani ya ukuta.

Tunawaona wengine mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka mwanzoni. Lakini katika miaka hii kumi hakuna kitu kilichotaka kuvunja kikundi hiki kama bomba. Wizi tuliupata mdogo, fitina tulizimaliza, madeni sugu tuliyakalia vikao yakaisha. Bomba ndilo lililotuketisha mpaka usiku.

Fedha zetu zinakwenda wapi

Tulipoanza tulikuwa tunakopeshana kwa mambo madogo madogo: ada ya shule, mtaji wa samaki, mkaa, vitenge, karanga. Haba na haba. Kuanzia mwaka wa nne maombi yakabadilika. Kila anayesimama anasema "ujenzi". Mmoja anataka tofali, mwingine bati, mwingine anataka kumalizia choo cha ndani. Huku kwetu pembezoni mwa Dar es Salaam ndivyo watu wanavyojenga, kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, ukijaliwa unapaua. Kwa hiyo hisa za mwanamke huku kwetu zinageuka ukuta. Ukuta ukiharibika, ni akiba yake inayooza.

Yaliyompata mwenzetu

Jina lake tunalihifadhi, ingawa mwenyewe yupo hapa na ametupa ruhusa tueleze. Ni muuza samaki. Alijenga kwa miaka sita. Nyumba ilipofikia hatua ya mwisho akachukua mkopo kwetu, akaweka jiko la ndani lenye sinki na bafu lenye beseni. Fundi akatindua ukuta wa ndani, ule unaotenganisha jiko na chumba cha kulala, akalaza bomba la inchi 2 humo, akaziba, akapiga plasta, ikapakwa rangi. Kazi ikapendeza, fundi akalipwa fedha yake yote. Vigelegele vikapigwa.

Baada ya miezi mitatu rangi ikaanza kuvimba upande wa kitandani. Ikafuata doa, kisha harufu. Mende wakajaa. Godoro likawa na unyevu kichwani. Majirani hawakosi maneno: mmoja alisema ni mvua, mwingine akasema tofali zina chumvi, na wengine wakasema nyumba imechezewa. Wapo waliomshauri atafute mtaalamu wa kuzindika nyumba, na fedha kidogo ikatoka huko.

Ukuta ulipovunjwa ndipo tukaona wote kwa macho. Kona moja ya bomba ilikuwa haina gundi. Fundi aliichomeka kupima tu, kama mafundi wanavyofanya, halafu akasahau kuirudia kuitia gundi. Juu yake akapiga plasta. Kila mama yule alipoosha sufuria, maji kidogo yalikuwa yanaingia ukutani. Kila siku, kwa miezi mitatu. Tulimpigia fundi, simu ikawa haipatikani.

Kuvunja ukuta, kung'oa vigae, kununua vifaa upya, kupiga plasta na rangi mara ya pili, vyote hivyo vilitoka kwenye fedha za marejesho na ada ya mtoto. Akashindwa kurejesha mkopo miezi miwili. Katiba yetu ilisema wazi: miezi miwili, dhamana ichukuliwe. Kikao kikagawanyika. Wengine walisema katiba ni katiba, tukimhurumia huyu kesho kila mtu atakuwa na ukuta wake. Wengine walisema huyu hakula fedha, fedha imeliwa na ukuta. Tulikaa vikao vitatu. Mwisho tukapiga kura, aongezewe muda. Akamaliza deni lote. Lakini wanachama wawili waliokuwa upande wa katiba walitoka, na mpaka leo hawajarudi. Walikuwa watu wazuri, wenye bidii, na nafasi zao tunaziona zikiwa wazi.

Ndiyo maana tunasema bomba si jambo la fundi peke yake.

Tulichokwenda kujifunza

Mwenzetu mwingine ana binti aliyesoma ufundi bomba chuoni. Tulimwomba aje kwenye mkutano wetu wa wiki, na alikuja jumla ya mara nne. Wengi wetu tumeishia darasa la saba, kwa hiyo tulimwambia, mwanangu, tueleze kama unavyomweleza mtoto, na ulete vipande tuvishike mikononi. Akaleta. Yale tuliyoyashika tunayaweka hapa ili na vikundi vingine vichukue.

La kwanza, maji machafu hayasukumwi na kitu. Maji safi yanakuja kwa nguvu ya pampu au tangi, unaweza kuyapandisha na kuyashusha. Maji machafu yanakwenda kwa kuteremka tu. Kwa hiyo bomba lililolala lazima liwe na mteremko: senti 2 mpaka 2 na nusu kwa kila mita moja. Bomba likienda mita 6, mwisho wake uwe chini ya mwanzo kwa senti 12 mpaka 15. Hii inapimwa kwa uzi na pimamaji kabla ya kufukia. Ukimwona fundi anakadiria kwa jicho, mwambie kwa adabu, kaka fundi, tunaomba uzi.

La pili, ukubwa. Choo cha kuvuta ni bomba la inchi 4. Bafu na sinki la jikoni ni inchi 2. Beseni la kunawia linatosha inchi moja na nusu. Tena bomba likishakuwa kubwa lisirudi kuwa dogo mbele ya safari, maana hapo ndipo uchafu unaponasa.

La tatu, kile kikona kinachobaki na maji chini ya sinki, mafundi wanakiita trepu. Wengi wetu tulidhani ni pambo au ni njia ya fundi kuuza vifaa vingi. Kumbe yale maji yanayobaki, kama kina cha senti 5 hivi, ndiyo mlango. Yanazuia harufu na wadudu wa karo wasipande ndani. Ukiona sinki lina harufu siku zote, ama trepu haipo, ama maji yake yamevutwa yakaisha.

La nne, bomba la kupumulia. Maji mengi yakishuka kwa kasi yanavuta hewa nyuma yao, na pasipo na pa kuvutia hewa yanafyonza yale maji ya kwenye trepu. Utasikia sinki linanguruma, glo glo glo. Dawa yake ni bomba liendelee juu mpaka nje ya paa, na mdomoni liwekewe neti. Fundi akisema linaharibu sura ya nyumba, mwambie harufu inaharibu zaidi.

La tano, kona. Bomba lililolala likipinda kwa kona moja kali ya mraba, hapo patazibana. Afadhali kona mbili za nusu zikifuatana. Na mahali mabomba mawili yanapokutana yakiwa yamelala, kiungo kiwe cha kulalia mwendo wa maji, kisiwe cha msalaba. Penye mpindo pawe na kifuniko cha kusafishia ambacho mkono unakifikia, kisizibwe na plasta wala kigae. Nje, kila mpindo uwe na chemba.

Ukuta unabeba kiasi gani

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza nyumba.

Ukuta wa tofali una kazi yake ya kubeba. Ukiutindua unaupunguzia nguvu. Kanuni wanayofundishwa mafundi waliosoma, ambayo ni ya Uingereza, inasema hivi: mfereji wa kusimama usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na mfereji wa kulala usizidi sehemu moja ya sita. Tulipiga hesabu wenyewe pale ubaoni. Tofali la inchi 6 ni kama senti 15. Theluthi yake ni senti 5. Sehemu ya sita ni senti 2 na nusu. Sasa bomba la inchi 2 lenyewe ni senti 5, na viungo vyake vinazidi hapo. Likisimama linaingia kwa shida, na plasta juu yake inakuwa nyembamba. Likilala haliingii kabisa. Na kuta zetu nyingi ni za tofali la inchi 5, yaani hata hiyo nafasi hatuna.

Bomba la inchi 4 la choo, ambalo kwa nje ni milimita 110, lisithubutu kuingizwa kwenye ukuta wa tofali la inchi 5. Ukuta utakatika vipande viwili. Tumeona nyumba ina ufa ulionyooka toka sakafuni mpaka kwenye renta, watu wanalaumu msingi, kumbe ndani kuna bomba.

Basi njia ni zipi? Ya kwanza ni kupanga kabla ya kujenga. Choo, bafu na jiko viwe karibu karibu, tena viegemee ukuta wa nje, ili bomba lipite chini ya jamvi na kutoka nje moja kwa moja kwenye chemba. Hiyo haigharimu hata senti, inagharimu kufikiri tu. Ya pili, kama bomba lazima lipande ndani, lijengewe kisanduku chake kwenye kona, chenye kimlango cha kufungua. Kisanduku kinakula senti 20 za chumba, lakini siku ya kuziba unafungua kwa bisibisi badala ya nyundo.

Na pale bomba linapopenya zege au ukuta lipitishwe ndani ya kipande cha bomba kubwa kidogo, lisikamatwe na saruji. Plastiki inarefuka kwa joto. Bomba la mita 3 likipata joto la nyuzi 20 zaidi linarefuka kama milimita 4. Ukilibana na zege, litajitafutia nafasi pale penye kiungo.

Ukuta wa mbao wa nyumba yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, hili jengo ulilolizindua leo tulilinunua likiwa ukumbi mmoja mtupu. Tulitaka tuligawe: ofisi yetu, saluni ya kupangisha, na jiko la mama lishe. Jamvi lake la zamani halikuwa na msingi wa kubeba kuta nyingine za tofali katikati. Tukaamua kuta za ndani ziwe za fremu ya mbao, zifunikwe kwa mbao za jipsamu pande zote mbili. Na saluni ina beseni la kuoshea nywele, jiko lina sinki, vyote viko mgongo kwa mgongo kwenye ukuta ule ule wa mbao. Kwa hiyo bomba lazima lipite humo.

Fundi wa kwanza alikuja na mbao 2 kwa 4 na msumeno. Akataka kukata kila nguzo nusu yake, alaze bomba, aendelee. Yule binti wetu akamwambia, kaka, samahani, hapo umebakiza nini? Akatueleza kanuni za Marekani, ambako nyumba nyingi ni za fremu ya mbao. Nguzo isiyobeba paa inaweza kukatwa pembeni mpaka asilimia 40 ya upana wake, na kutobolewa katikati mpaka asilimia 60. Nguzo inayobeba ni chini ya hapo: kukata ni robo tu, kutoboa ni asilimia 40. Kuta zetu zile hazibebi paa. Mbao zetu tulizipima zikawa na senti 10 kamili. Asilimia 60 ni senti 6. Bomba la inchi 2 ni senti 5. Linapita kwenye tundu, na mbao inabaki senti 2 kila upande. Kwa hiyo tulitoboa, hatukukata.

Tukajifunza mengine palepale kazini. Matundu hayatobolewi kwa kimo kimoja kutoka sakafuni, maana bomba litalala bila mteremko. Unafunga uzi ulioteremka, senti 2 kwa mita, unatia alama kila nguzo uzi unapopita, ndipo unatoboa. Tena bomba refu haliingii kwenye matundu ya nguzo zilizokwisha simama. Unakata vipande vifupi, unaunga kwa soketi, na kila kiungo kinataka gundi. Kwa hiyo viungo vinakuwa vingi, na kila kiungo ni mahali pa kuvuja. Hapo tukaona afadhali bomba lisimame. Tukabadili ramani: beseni na sinki vikaletwa karibu na bomba moja lililosimama, likateremka chini mpaka kwenye jamvi, na likapanda juu mpaka nje ya paa kwa ajili ya hewa. Kipande kilicholala ndani ya ukuta kikabaki kifupi, kama hatua mbili.

Kwa choo tulikataa kabisa. Bomba la inchi 4 halitoshi kwenye fremu ya 2 kwa 4. Milimita 110 ndani ya senti 10, hata mtoto wa shule anaona. Anayetaka lipite kwenye fremu inabidi anunue mbao 2 kwa 6. Sisi choo tulikiacha ukuta wa nje, wa tofali, bomba likatoka chini.

Jambo la mwisho kwenye ukuta wa mbao ni misumari na skrubu. Anayekuja kufunika ukuta haoni bomba. Mahali mbao ilipobaki chini ya senti 3 kati ya bomba na uso wa nguzo, tuligongelea kipande cha bati nene ili skrubu isipenye. Na sakafuni tukaandika kwa chaki "BOMBA" na mshale. Fundi jipsamu alicheka, lakini alikwepa.

Siku ya kupima

Sasa tunakuja kwenye jina la hotuba yetu. Bomba la maji machafu linapimwa likiwa wazi. Kwanza gundi iachwe ikauke mpaka kesho yake. Unaziba mdomo wa chini kwa kizibo, unajaza maji toka juu mpaka yaonekane, unatia alama, unasubiri. Unapita kila kiungo kwa mkono mkavu au karatasi. Maji yakishuka, kuna mahali panavuja, patafutwe. Yakibaki pale pale, haya, funika.

Kanuni zinataka robo saa. Sisi tumeweka usiku kucha, kwa sababu maji ya ndoo chache si gharama, na usiku kucha hata kiungo kinachotoa jasho kinajitangaza.

Pale kwenye jengo letu, fundi yule wa kwanza alikataa. Alisema amejenga miaka ishirini, hawezi kupimwa na wanawake wa kibati. Alisema maneno mengine ambayo hatuyaandiki humu. Tulimlipa siku zake alizofanya, tukamshukuru, akaenda. Fundi wa pili alijaza maji mwenyewe bila kuambiwa. Asubuhi maji yalikuwa yameshuka kidole kimoja. Kiungo chini ya beseni kilikuwa kinatoka jasho. Akakata, akasafisha, akatia gundi upya, tukapima tena usiku wa pili. Hayakushuka. Ndipo ukuta ukafunikwa. Fundi huyo ndiye tunayempa kazi zetu mpaka leo, na yuko hapa. Simama, baba, wakuone. (Makofi na vigelegele.)

Kanuni yetu

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilipotutaka vikundi tujisajili, tuliiandika katiba yetu upya. Tukaingiza kifungu cha ujenzi, na tunakisoma hapa:

1. Mkopo wa ujenzi wenye kazi ya bomba utatolewa kwa mafungu matatu, si kwa mkupuo.
2. Fungu la mwisho, lile la plasta na vigae, halitatoka mpaka wanachama watatu washuhudie maji yamelala kwenye bomba usiku kucha na kutia sahihi.
3. Fundi ataelezwa haya kabla ya kuanza kazi, na malipo yake ya mwisho yatasubiri kipimo hicho.
4. Kabla ya kufunika, mwenye nyumba atapiga picha kila ukuta wenye bomba, au atachora, na kuandika urefu kutoka kwenye kona na kutoka sakafuni. Nakala moja atakaa nayo, moja itakaa kwenye sanduku la kikundi.

Wapo wanachama waliolalamika kwamba kanuni hii inachelewesha. Ni kweli inachelewesha siku mbili tatu. Wapo pia wasiopenda watu waingie nyumbani kwao kuchungulia. Hilo nalo tunalisikia, na bado tunabishana. Lakini tangu kifungu kipite hatujaitwa kwenye ukuta wowote kuja kuvunja.

Kifungu cha nne kina faida nyingine. Karatasi ile ina jina la mwanamke aliyelipia, tarehe, na kazi iliyofanyika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua michango ya mke katika mali iliyochumwa pamoja. Lakini mahakamani mchango unaelezwa kwa ushahidi. Wenzetu wengi wamejenga kwa miaka ishirini na hawana hata risiti ya msumari. Tunawaambia akina mama, tunza risiti za bomba kama unavyotunza cheti cha ndoa. Hatusemi haya kwa ubaya na akina baba, na wengi wenu mmetusaidia kubeba mabomba hayo.

Afya za watu

Hatuwezi kumaliza bila kukumbuka mwaka 2015. Mwezi wa Agosti mwaka huo kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoa mingi. Maji machafu yakitoka bombani yakaingia kwenye ardhi au kisima, hayaulizi yametoka kwa nani. Mitaa yetu mingi haina bomba kuu la maji taka, kila nyumba ina karo lake. Kwa hiyo safari ya maji haiishi ukutani. Karo na shimo la kunywea viwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi. Kama kiwanja ni kidogo, zungumza na jirani kabla hajachimba na kabla wewe hujachimba. Na wakati wa mvua kubwa, tafadhali sana, tusifungulie makaro mitaroni. Tunajuana.

Maombi yetu

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, tunaomba Kata itusaidie kuwapeleka mabinti zetu kwenye vyuo vya ufundi, wasome bomba, umeme na uashi. Mmoja tu aliyesoma ametuokolea akiba za wengi. La pili, tunaomba maofisa wa afya wa Kata wapite kwenye nyumba wakati mabomba yako wazi. Wakija baada ya plasta watakunywa chai tu, hawataona kitu.

Kwa vikundi jirani, kifungu chetu mnaruhusiwa kukichukua kama kilivyo. Jiko la mama lishe liko pale nyuma, chakula ni tayari. Mkimaliza kula mkapita kunawa, lile bomba la katikati ndilo tulilolisema, na picha yake iko ofisini kwa anayetaka kuiona.

Mungu ibariki jasho la akina mama.